Saumu za Bi Raya kwenye Mashine ya Hesabu

Kompyuta iliyoko chumbani kwangu hubadilisha tarehe wakati wa adhana ya Magharibi. Vijana wanaokuja kunitazama huliona hilo na mkono huwawasha. "Mzee, saa yako iko mbele saa sita, nikurekebishie?" Huwaambia waache, wanywe kahawa. Mimi niliwahi kuirekebisha mara moja, na kwa sababu hiyo nimekaa kuandika haya.

Nimestaafu mwaka huu, na nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya kila kitu kutafutwa kwenye mtandao. Vyeo sikupata vya kuhadithia. Mshahara ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Lakini nilipata mwalimu, na nilipata wateja walionivumilia, na kwa hayo mawili namshukuru Mwenyezi Mungu kila ninapotia udhu.

Nilianza mwaka 1985, nina miaka ishirini na sita, kwenye duka la Maalim Abeid, Mkunazini. Nikisema duka msifikirie makubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa uchochoroni na meza iliyokatwa miguu ili ifae kwa mtu anayekaa chini. Maalim alikuwa fundi wa saa na mashine za kupigia chapa. Alasiri alisomesha watoto Kurani chuoni, na saa za misikiti mitatu ya jirani zilikuwa mikononi mwake. Alizitia ufunguo kila Ijumaa na akizisemesha kama watu.

Siku yangu ya kwanza alinipa mashine ya chapa ya karani mmoja. Nikaiona mara moja ilipokwama: herufi moja ya pembeni haibonyei. Nikashika bisibisi. Maalim akaitoa mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini, Maalim? Herufi imekwama, nnaiona."

"Kamuulize anaitumiaje."

Nikatoka juani mpaka ofisini kwa yule karani, nimenuna. Akanicheka. Ile herufi alikuwa ameitia njiti ya kibiriti mwenyewe, kwa sababu kidole chake kidogo kilikuwa kikiigonga bila ya kutaka na kumharibia barua. Alicholeta kutengenezwa ni kengele ya mwisho wa mstari, iliyokuwa hailii. Niliporudi Maalim hakuniuliza kitu. Alinisogezea bisibisi tu.

Laiti ningelikuwa mwanafunzi mzuri, hadithi hii ingeliishia hapo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Brashi ya manyoya ya mbuzi, mafuta ya cherehani, spiriti, kopo la maziwa la kuwekea skurubu, na lenzi moja ambayo tukiazimana. Baadaye kompyuta zilipoanza kuingia mjini, tukaongeza mtungi wenye mchele uliokaangwa mkavu, tukihifadhi ndani yake disketi za wateja, maana unyevu wa hapa kwetu huotesha ukungu juu ya kila kitu, hata juu ya nia za watu. Na ndani ya makasha ya kompyuta tulitupia punje chache za karafuu. Sisimizi hawazipendi. Hakuna kitabu cha ufundi kilichosema hivyo, lakini sisimizi nao hawajasoma.

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya nyumba ya Bi Raya, Malindi, mwaka 1991. Bi Raya alikuwa mjane, wa asili ya Kiarabu. Zamani watu wake walikuwa na mashamba ya karafuu Kidichi. Mimi nilipomjua alikuwa na cherehani moja na sifa ya kushona kanzu zisizohitaji kurudishwa. Mwanawe Nassor, aliyekuwa akifanya kazi Muskat, alimletea kompyuta ile alipokuja likizo. Akaiweka chumba cha juu, akamwonyesha programu ya hesabu za nyumbani, akaagana naye akaondoka. Programu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, imo ndani ya disketi mbili pana zinazopinda kama karatasi ngumu. Unaandika kilichoingia, unaandika kilichotoka, mashine inakwambia umebakiwa na nini. Bi Raya alikijua alichobakiwa nacho hata akiwa usingizini. Akaifunika mashine kwa kitambaa cha kutarizi, ikakaa.

Siku moja alikuja dukani kwetu, akatoa salamu, akakaa kwenye kigoda na kusubiri mpaka mteja wa mwisho atoke.

"Maalim," akasema, "wajukuu wamechezea bao saumu zangu."

Maalim akaweka lenzi chini.

Ikawa hivi. Bi Raya alizaa watoto wanane, na akanyonyesha, na akaugua mwaka mzima baada ya uzazi wa mwisho. Siku za Ramadhani zilizompita ujanani hakuzilipa zote kwa wakati wake, na alipokuwa mtu mzima likamkaa moyoni. Akamwendea sheikh, naye akamwambia akadirie mpaka moyo utulie, kisha alipe, kila siku na kibaba chake cha mchele kwa maskini kwa ajili ya kuchelewesha. Bi Raya alikuwa akizihesabu kwa komwe ndani ya mitungi miwili: kila alipofunga siku moja, alitoa komwe moja mtungi wa deni akaitia mtungi wa malipo. Wajukuu wakaiona mitungi. Na komwe, kama mjuavyo, ndizo kete za bao.

"Sikuwapiga," alisema. "Lakini nimekadiria upya, na safari hii nimechukua upande wa wingi. Mia sita na kumi na mbili. Nataka pahala ambapo mtoto hatii mkono. Ile mashine ya Nassor si inahesabu? Basi ihesabu."

Tulikwenda Malindi mimi na Maalim. Tulipokewa na Salma, binti yake, mwalimu wa skuli, aliyetuletea kahawa na kubaki mlangoni kuona maajabu. Mimi nilikuwa najua Kiingereza kidogo kuliko Maalim kwa kukisoma na zaidi kuliko yeye kwa kujifanya, kwa hiyo nikakaa mbele ya kioo. Programu ilikuwa na ukurasa wa madeni. Nikaandika mia sita na kumi na mbili. Ikauliza swali.

"Inasemaje?" akauliza Bi Raya.

"Inauliza riba, Bi."

"Riba ya nini?"

"Ya saumu."

"Astaghfirullah! Mpaka kwenye saumu wamefika?"

Salma alicheka mpaka akaliweka sinia chini. Nikaandika sifuri, mashine ikakataa. Nikaandika tena, ikapiga mlio. Maalim akasema, "Haijapata kuona mtu anayekopesha bure." Tukauacha ukurasa wa madeni na riba yake, tukafungua ukurasa wa akiba wa kawaida, lakini tukauanzia chini ya sifuri. Kioo kikaandika kistari, halafu mia sita na kumi na mbili, halafu nukta na sifuri mbili.

"Na hizo sifuri mbili za nyuma?"

"Senti, Bi."

"Saumu haina senti. Ukila adhuhuri umekula."

Tukamwambia azivumilie, hazitoki. Kila siku ya kufunga ataandika moja, na kile kistari na namba yake vitazidi kusogea kuelekea sifuri.

Kisha nikaingia chini ya meza kufunga waya wa ardhini, na huku juu nikamsikia Maalim akimuuliza Bi Raya jambo na yeye akimjibu. Nilisikia sauti zao. Sikusikiliza. Nilipotoka, Maalim alikuwa amekwishaitia mashine saa ya Kiswahili, Magharibi ndiyo sifuri yake, hata jua likizama tarehe inageuka.

"Maalim, si tungeliiacha kama ilivyokuja?"

"Kwani wewe siku yako inaanza saa ngapi?" akanijibu.

Nikacheka. Mtu anayelea saa za misikiti mitatu, utamwambia nini kuhusu saa? Nikadhani ni mapenzi yake tu ya mambo ya kwetu.

Bi Raya alifunga Jumatatu na Alkhamisi, afya ikimruhusu. Mimi kazi yangu ikawa kuihifadhi ile programu iwe hai, na ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza ufundi. Umeme ulikuwa ukishuka mpaka taa inakuwa kama kaa la sigara, kisha ukapanda ghafla. Nikamtafutia stabilaiza nzito kama jiwe la kusagia. Hewa ya chumvi ilikula miguu ya vifaa. Kila miezi mitatu nilisugua kwa spiriti. Disketi moja ikashika ukungu, nikaikata ganda, nikaiosha ile sahani ya ndani kwa maji na sabuni kama kikombe, nikaikausha kivulini, nikaivisha ganda jengine. Ikasoma. Nilipomwambia Maalim akasema alhamdulillahi, kisha akaniuliza kwa nini sikuwa na nakala. Tangu hapo sikufuta kitu chochote cha mtu kabla ya kukinakili.

Mwaka 1997 ile mashine ya kwanza ilikufa kifo chake, na Nassor akaleta nyengine mpya yenye mbio. Nikahamisha programu, na saa nikaitia ile ya Maalim. Programu haikufunguka. Ikatupa mstari mmoja wa Kiingereza na kuzimika, kila mara palepale. Nilihangaika nayo wiki nzima kabla ya kuelewa. Waliotunga programu ile waliifundisha kwamba ikiamka ijipimie kwanza mashine ina mbio kiasi gani. Wakati wao mashine zote zilikuwa za pole. Hii mpya ilimaliza kipimo kabla hakijaanza, jibu likawa sifuri, na programu, ikitaka kugawa kwa sifuri, ikaanguka. Haikuwa mbovu. Ulimwengu ulikuwa umeizidi mwendo. Ninavyozeeka naielewa zaidi.

Dawa yake nilipewa na fundi mwenzangu wa Dar es Salaam: programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kuipotezea mashine muda ili ipunguze mbio. Nilimwambia Maalim kwamba nawajua watu wengi wenye kazi hiyohiyo na wana meza zao. Tukaitia, daftari la Bi Raya likafunguka, na printa ikaanza kupiga kelele zake, ile printa ya utepe inayotatarika kama mvua juu ya bati. Wangapi kati yenu mmeisikia? Siku hizi printa zinanong'ona. Ningelitoa kitu nisikie tena sauti ile ikitoka dirishani Malindi, nami nimo uchochoroni, nijue kutoka huko chini kwamba ndani mambo ni mazima.

Mwishoni mwa 1999 kila mtu alikuwa na khofu ya mwaka elfu mbili. Maofisi yalituita mchana kutwa. Karatasi za maelekezo zilisema: hakikisha saa na tarehe ya kila mashine ni sahihi. Maalim alikuwa hafanyi kazi tena. Macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na alikaa kwa binti yake Kikwajuni, upande wa Ng'ambo. Nikawa peke yangu, mwenye haraka, na mwenye sifa kidogo, na haya mawili yakikutana ujue jambo linakuja. Nikapita kwa Bi Raya, nikamhamishia programu yake, na saa kama ilivyokuwa, kwenye mashine aliyoletewa mwaka huo, nikahakikisha inavuka mwaka salama. Na kwa kuwa nilikuwa na ile karatasi mfukoni, nikairudisha saa nyuma kwa saa sita. Sahihi.

Mwaka ukaingia. Hakuna kilichoanguka. Nikajipongeza.

Mwaka ulipokwisha, baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, Salma alikuja dukani na karatasi ya printa imekunjwa mkononi.

"Shikamoo, Fundi Masoud."

"Marahaba, mwalimu. Kheri?"

"Mama kafunga Idi."

"Vipi kafunga Idi?"

"Kwenye karatasi. Tazama. Idi ilikuwa Jumatano. Na Jumatano hiyo imeandikwa saumu moja. Mimi nililinganisha na kalenda, wala sikufikiri, nikamwambia. Namwambia alikula, anasema namliwaza tu. Sasa hali, haongei, amekaa nayo."

Nikafunga duka. Kila mmoja wenu anajua kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Bi Raya alikuwa amekaa chumba cha juu mbele ya mashine, ushungi kichwani, mikono mapajani.

"Masoud, mwanangu. Idi ile ulikuja hapa?"

"Nilikuja, Bi. Ulinipa bokoboko."

"Na mimi nilikula?"

Nikakumbuka sahani yangu, na samli iliyokuwa juu yake. "Wallahi, Bi, sikuangalia."

"Mimi nnajiona nilikula. Lakini karatasi inasema nilikuwa nimefunga. Mtu asiyejua kama alikula Idi, atajuaje kama alifunga Alkhamisi?"

Nilimwambia mashine imekosea. Akanijibu kwa upole kwamba mashine haijapata kukosea miaka tisa, na yeye ana miaka sabini na mbili, na mama yake mzazi alikufa akimwita kila mtu kwa jina la mtu mwengine. Basi kati ya mashine na yeye, alijua pa kuweka shaka.

"Futa zote tangu mashine hii ilipokuja."

"Bi, ni hamsini na nane."

"Futa. Nitazilipa tena. Sitaki kwenda mbele ya Mola wangu na hesabu ambayo sijui nani ameiandika."

Nilinakili kwanza, kama nilivyofunzwa, nikaiweka disketi mfukoni. Kisha nikafuta. Deni lilikuwa limeshuka mpaka sitini na moja. Kioo kikaandika mia na kumi na tisa, na kistari chake.

Kesho yake alianza kufunga, si Jumatatu na Alkhamisi tena. Kila siku. Alikuwa anakimbizana na akili yake mwenyewe, alitaka kumaliza kabla haijamwacha. Mimi kila jioni nilikwenda kuitafuta ile kasoro. Nikabadilisha betri ya ndani. Nikaishuku ile programu ya kupoteza muda, nikaitoa nikaitia. Nikachukua kalenda na karatasi zote, nikaona kila saumu imeandikwa Jumapili au Jumatano, siku ambazo Bi Raya hakuwa na mazoea ya kufunga, na badala ya kufikiri, nikaogopa na mimi. Sikuitazama saa hata mara moja. Saa ilikuwa sahihi, mimi mwenyewe niliirekebisha, na kitu ulichokirekebisha kwa mkono wako ndicho cha mwisho kukishuku.

Siku ya kumi na saba Salma alinikuta barazani kwao.

"Fundi, jana Mama kaona kiza ngazini. Nimemdaka mimi. Hasikii la mtu. Nambie ukweli, ni mashine au ni yeye?"

"Sijui," nikamwambia, na hilo ndilo jibu zito kuliko yote niliyopata kumpa mteja.

Nikaenda kwa miguu mpaka Kikwajuni. Maalim alikuwa kitandani, anashikilia saa ya mfukoni sikioni, maana macho yalipomwacha alibaki na masikio. Akanitambua kwa hatua.

"Masoud. Umechoka. Kaa."

Nikamsimulia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Bi Raya anaandika wakati gani?"

"Akishafuturu, nadhani."

"Unadhani."

Akaishusha saa kutoka sikioni.

"Mimi nilimuuliza siku ile ya kwanza," akasema. "Wewe ulikuwa chini ya meza. Anaandika baada ya Isha, anapotia nia ya kesho. Saumu ya faradhi haiswihi bila ya nia ya usiku, na yeye aliogopa kuisahau, akaifanya mashine ndiyo ukumbusho wake. Usiku wa Alkhamisi anatia nia ya Alkhamisi na anaiandika. Sasa nambie, ile saa yako ya karatasi, usiku wa Alkhamisi inaandika siku gani?"

Usiku wa Alkhamisi, kwetu, ni ule unaoingia Jumatano jua likizama. Saa yangu sahihi ilikuwa ikiuita Jumatano mpaka katikati ya usiku.

"Jumatano," nikasema.

"Basi umemhamishia mwanamke wa watu usiku wake jana." Akacheka, kicheko chake cha kifuani, kisha akakiacha. "Alifunga Idi pili, Masoud. Alikula Idi, akafunga siku ya pili yake. Akili yake nzima. Kosa ni la fundi."

"Nifanye nini, Maalim?"

"Rudisha saa. Na kamwambie kwa mdomo wako, si kwa karatasi."

Nilirudi Malindi karibu nakimbia. Nilimkuta Bi Raya anasubiri Magharibi, tende mbele yake. Nilimwambia kila kitu, nikaanza na neno "kosa langu" ili nisipate nafasi ya kulikwepa njiani. Alinisikiliza. Kisha akamgeukia Salma.

"Kwa hiyo nilikula Idi?"

"Ulikula, Mama."

"Bokoboko?"

"Na ukaongeza."

Akafunika uso kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipoufunua, nikaona ni yote mawili. Adhana ikaadhiniwa. Akala tende yake.

Nikarudisha zile hamsini na nane kutoka kwenye disketi. Nikarudisha saa. Zile kumi na saba alizozifunga kwa khofu zilikuwa na nia ya kulipa na deni bado lilikuwapo, kwa hiyo nazo zilihesabiwa. Sheikh alimthibitishia hilo. Kutoka sitini na moja akabakiwa na arubaini na nne. Nikamwomba msamaha tena.

"Miaka yote unazipunguzia mashine mbio," akaniambia, "kumbe mbio zenyewe ulikuwa ukinizidishia mimi."

Maalim Abeid alifariki mwaka huohuo, siku ya Ijumaa, baada ya mtu mwengine kuzitia ufunguo saa zake. Nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Sijapata kuzungumza vizuri juu ya siku ile na hapa pia sitajaribu. Nasema tu kwamba mpaka leo nikishika bisibisi huisubiri kidogo sauti yake.

Bi Raya alirudi kwenye Jumatatu na Alkhamisi zake, polepole, na daktari akimpumzisha mara kwa mara. Mwaka uliofuata aliniletea salamu nikafuturu kwao. Jana yake alikuwa ameandika nia ya siku ya mwisho, lakini hakukubali kioo kitazamwe mpaka saumu itimie. "Ile ilikuwa ahadi," alisema. "Sasa tazama."

Nikafungua. Kioo kiliandika sifuri, nukta, na zile sifuri mbili za senti alizokuwa akizivumilia zaidi ya miaka kumi. Mbele yake, kistari.

"Hicho bado kinafanya nini hapo?"

"Ni tabia ya programu, Bi. Ukurasa ulioanzia chini hubaki na alama mpaka upande juu ya sifuri. Hakina maana."

"Kwa hiyo nimemaliza?"

"Umemaliza."

Akakiangalia muda mrefu. Salma akamwambia, "Mama, basi." Bi Raya akatikisa kichwa.

"Nnajua nimemaliza. Lakini sitaki kukiacha hapo."

Usiku wa Jumatatu akatia nia, na Jumatatu akafunga siku moja kwa ajili ya kistari. Magharibi tukatazama kioo: kimeondoka. Ikabaki moja, na sifuri zake mbili.

Alifariki miaka minne baadaye, kitandani kwake, anajua jina la kila aliyekuwamo chumbani. Salma aliniletea mashine niisafishe, watoto waitumie kwa masomo. Nikamwomba kwanza nilihamishe lile daftari. Kompyuta za leo hazina pa kutia disketi na hazijui kabisa lugha ya programu ile, kwa hiyo kwenye mashine yangu nimetia programu nyengine inayojifanya mashine ya mwaka 1991: inaipa ile ya Bi Raya kioo cheusi, mwendo wa pole, na saa ya Maalim. Ndani ya hiyo inaishi bila kujua kwamba wote wameondoka.

Ndiyo maana nawakataza kugusa saa. Na mteja akikuleteeni kitu ambacho kwenu ni kibovu, muulizeni kwanza anakitumiaje, na msiwe chini ya meza anapojibu.

Jioni nikirudi msikitini hukaa mbele ya kompyuta yangu. Tarehe imekwishageuka. Hufungua ukurasa wa Bi Raya, nao uko palepale: moja, bila ya kistari. Siugusi. Kisha hufungua ukurasa wa chini yake, ambao ni wangu, kwani ujana nao ulikuwa na siku zake nilizozichukulia wepesi. Baada ya Isha, kabla sijasahau, huandika nia ya kesho. Wangu bado una kistari.